Chini ya Mahameli

Mtoto alipomkataa bibi yake kwa mara ya tatu, mpigapicha Quennell aliinua macho kwenye paa la kioo akalitazama jua, kama mpishi anavyotazama chungu kinachoanza kuungua. Wingu moja la kijivu lilikuwa likijongea kutoka upande wa vilima. Vioo viwili vya kupigia picha vilikuwa vimekwisha haribika. Katika cha kwanza mtoto, Ambrose, alitokea hana kichwa, penye kichwa pana ukungu tu. Katika cha pili alikuwa na vichwa vitatu, vyote vimeachama.

"Mtoto ana nguvu," Quennell alisema, akitabasamu kwa meno bila macho. "Nguvu za ukoo, Bibi. Nguvu za ukoo hizo."

"Ukoo wetu haupigi kelele," alijibu Bi Augusta Daubeney.

Alikuwa amesimama wima katika hariri nyeusi ya msiba, ameshika kayamba la fedha la mtoto kwa namna ambayo nembo ya ukoo ilitazama kamera. Binti yake Lavinia, mwanamke wa miaka thelathini na minne asiyeolewa, alikaa kwenye kochi akijipepea. Nyuma yao pazia lililochorwa lilionyesha ziwa, nguzo za mawe na ngazi za kuteremkia bustanini. Nusu ya watu wenye heshima wa Cheltenham walikuwa wamepigwa picha mbele ya ngazi hizo, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuzikanyaga.

Hester, mama wa mtoto, alisimama karibu na mlango, penye makoti. Hapo ndipo alipoambiwa asimame. Asubuhi ile aliinyoosha kola yake kwa pasi mara mbili, akabandika kifuani kile kikasha kidogo chenye nywele za marehemu mumewe, kwa sababu jana mama mkwe alimwambia, "Utakuja nasi studio." Alilala akiliwaza neno hilo. Alijiona amekaa na mwanawe magotini. Picha moja tu. Hakuomba kingine katika nyumba ile.

"Mpeni mama yake," alisema Bi Quennell, mke wa mpigapicha, aliyekuwa kwenye meza ya dirishani akipaka rangi picha za wateja, brashi kaibana kwenye midomo.

"Mama yake hayumo katika picha hii," alisema Bi Augusta.

"Sikusema awemo, Bibi. Nimesema amshike. Tuna utaratibu wetu. Tunamfunika, mtoto anakaa juu yake, anaonekana amekaa kitini. Yaya wote wa mji huu nimewafunika mimi."

Hester alicheka kidogo, akidhani ni mzaha. Alipoona amecheka peke yake, akanyamaza.

"Basi afunikwe," Bi Augusta alisema. "Upesi. Wingu linakuja."

Kitambaa kilikuwa cha mahameli ya kahawia, kipana kama tandiko la kitanda, kinanuka vumbi, dawa za vioo na jasho la wanawake wengine. Bi Quennell alimkalisha Hester, akamteremshia kitambaa kichwani, akakivuta hadi sakafuni. Kisha akainama penye sikio.

"Pumua kwa pua, binti. Wapo waliozirai humu."

Wakamweka Ambrose juu ya magoti yale yasiyo na mwenyewe. Mtoto wa miezi tisa, katika gauni jeupe la ubatizo lililovaliwa na vizazi vinne vya Daubeney, alivuta pumzi ya kulia. Halafu akainusa ile mahameli. Akanyamaza. Akaegemea nyuma kwa uzito wake wote, kama mtu aliyefika kwake.

"Ala!" Quennell alinong'ona. "Asiondoke mtu! Nakwenda kutia dawa kioo kingine. Dakika tano." Akaingia chumba cha giza, mlango ukafungwa.

*

Huwa hivi kwa watu waliozoea kuhudumiwa: kitu kikishafunikwa, kwao hakipo. Mtumishi akigeuza uso ukutani, hayupo. Kitambaa kikiteremshwa, aliye chini yake hana masikio. Bi Augusta na binti yake walijipatia viti hatua mbili kutoka pale, wakaanza kuzungumza kama wako sebuleni kwao.

"Mtazame, Mama. Akitulia anafanana na marehemu kaka Gerard mno."

"Huo ndio uso ninaotaka ami yako Godfrey auone. Siyo ule wa kulia. Ule wa kulia ni wa Walsall."

Lavinia alicheka nyuma ya upepeo. Walsall ndiko alikotoka Hester, mji wa mafundi matandiko ya farasi. "Na akishauona?"

"Ameniandikia. Hana mtoto, wala hakuna mwanamume mwingine katika ukoo. Mtoto akiwa na sura yetu atamwandika mrithi: nyumba, mashamba, cheo, vyote. Ila kaweka masharti mawili. Picha ni la kwanza. La pili unalijua."

"Kuhusu wifi."

"Kwamba harufu ya ngozi haitaingia katika nyumba yake. Maneno yake hayo, siyo yangu. Sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli ikipita, mwishoni mwa Septemba, atarudi kwa kaka yake. Wakili amekwisha andika barua. Pauni thelathini kwa mwaka, na hatafika kwetu ila ameitwa."

"Umemwambia?"

"Nitamwambia kadi za picha zikishatoka. Sitaki mtu mwenye macho mekundu ndani ya nyumba wiki ya kupeleka kadi."

"Lakini, Mama, mtoto bado ananyonya."

"Ng'ombe wa Godfrey ni wengi."

Kule dirishani brashi ilisimama. Bi Quennell alikohoa, kikohozi kirefu cha makusudi, akakitazama kiti. Akakohoa tena.

"Maskini," Lavinia alisema kwa upole. "Dawa hizi zinawaharibia vifua."

Chini ya mahameli Hester aliona wekundu mweusi tu, na pumzi yake mwenyewe ikimrudia usoni. Neno la kwanza lililomjia lilikuwa: inuka. Inuka, kitambaa kianguke, wakuone. Magoti yake yalikwisha anza kukaza. Lakini angeinuka aende wapi? Wosia wa Gerard, ulioandikwa na wakili wa mama yake wiki ile ya homa ya mapafu, ulimpa Bi Augusta ulezi wa mtoto. Hester mwenyewe alishika mshumaa Gerard alipotia sahihi. Hakuisoma karatasi. Nani husoma karatasi mume anapokufa?

Na akitikisika, kioo kitaharibika. Kisha nini? Watarudi kesho na Dorcas, yaya wa nyumbani, wampe mtoto kijiko cha dawa ya usingizi, na picha itoke. Halafu kulikuwa na jambo jingine, nalo ndilo lililomkata zaidi: mashamba yale yangekuwa ya Ambrose. Yeye alikuwa na nini cha kumpa? Kibao cha fundi na harufu ya nta.

Mtoto aligeuza mkono nyuma, akapapasa kitambaa, akaipata pua ya mama yake, akaishika.

Hester akavua glavu ya mkono wa kushoto, polepole, kidole baada ya kidole.

*

Quennell alitoka mbio, kioo kinachuruzika dawa ndani ya kisanduku chake. "Wingu! Wingu! Tayari wote. Hesabu ya nane, asipumue mtu."

Akatoa kifuniko cha lenzi.

"Moja."

Mkono ulitokea kwenye mkunjo wa mahameli. Haukuwa na haraka. Ulikuwa mkono mpana, wenye pete ya ndoa, na kovu jeupe lililopita shina la kidole gumba, pale shazia ya kushonea ngozi ilipomchoma akiwa na miaka kumi na miwili.

"Mbili."

Ulitua juu ya gauni jeupe, juu ya tumbo la mtoto, ukakaa. Ambrose alikishika kidole gumba kwa mikono yake yote miwili. Akatazama mbele, macho makavu, kidevu juu, kama hakimu.

Bi Augusta aliuona, akafungua kinywa. Quennell, asiyeyaondoa macho kwenye kamera, alimnyooshea kidole: nyamaza! Kwa miaka thelathini hakuna mwenye duka aliyewahi kumnyamazisha Bi Augusta Daubeney. Alinyamaza kwa mshangao tu.

"Sita. Saba. Nane."

Kifuniko kikarudi. Muda si muda wingu likalifunika jua, na studio nzima ikawa rangi ya majivu.

Kioo kilipotoka kuoshwa, Quennell alikiinua mbele ya kitambaa cheusi ili kisomeke. "Sijapata kioo kama hiki mwaka mzima. Tazama kope! Unaweza kuzihesabu."

"Kuna mkono," alisema Bi Augusta.

"Ndiyo, Bibi. Kuna mkono."

"Uondoe."

"Mkono ndio uliomtuliza," Bi Quennell alisema kutoka dirishani. "Bila huo mkono hizo kope usingeziona, Bibi, wala huo uso."

"Sikukuuliza uso umetoka wapi. Nimesema uondoke. Fanya uwe kitu kingine. Utepe. Watoto wetu huvaa utepe."

Quennell alimtazama mkewe. Mkewe alitazama kiti. Hester alikuwa amekwisha jifunua mwenyewe, hakuna aliyemkumbuka, nywele zimemtimka, vumbi la kahawia limemganda kwenye ile kola iliyonyooshwa mara mbili.

"Utepe utakuwa," Bi Quennell alisema pole pole.

"Na wewe." Bi Augusta alimgeukia mkwewe. "Kwa nini ulitoa mkono?"

"Alikuwa anateleza, Mama."

"Hakuwa anateleza. Nilikuwa namtazama."

"Mimi ndiye niliyekuwa nimemshika," Hester alisema. "Ninyi mlikuwa mnazungumza."

Upepeo wa Lavinia ulianguka sakafuni. Hakuna aliyeuokota.

*

Nyumbani, Bi Augusta hakungoja chai. Alimwita Hester sebuleni, akamkalisha mbele ya meza ya duara ilipowekwa albamu ya ukoo, ile ya ngozi yenye kufuli ya fedha, ambayo kila mgeni hupewa aifunue ajue amefika kwa nani. Ndani yake walikuwamo maaskofu, makanali na wake wa makanali, wote mbele ya ngazi zile zile.

"Basi umesikia," Bi Augusta alisema. "Mwanamke mwenye heshima hasikilizi mazungumzo ya watu akiwa chini ya kitambaa."

"Mwanamke mwenye heshima hawekwi chini ya kitambaa, Mama."

"Usinijibu kwa mdomo wa dukani."

"Ndio mdomo nilio nao. Gerard aliupenda."

"Gerard alipenda pia mbwa na karata." Bi Augusta alilainisha sauti, na sauti yake ikilainika ndipo mtu aogope. "Sikia, Hester. Mimi si katili. Mtoto huyu atasoma. Atakaa bungeni akitaka. Wewe utamfundisha nini? Kushona hatamu?"

"Nitamfundisha jina langu."

"Atalijua. Litaandikwa kwenye Biblia, pamoja na tarehe."

"Nitakwenda naye."

"Utamwiba, basi, maana kwa sheria ni wangu. Nenda ukaulize wakili yeyote umtakaye."

Hester alikwenda. Kesho yake asubuhi alitembea hadi kwa wakili mmoja wa uchochoroni aliyekuwa na jipu shingoni. Yule mtu aliisoma nakala ya wosia mara mbili, akavua miwani. "Sahihi ni ya mumeo?" Ndiyo. "Alikuwa na akili timamu?" Hester alifikiri. Gerard usiku ule alimtambua, alimwita kwa jina, alimwomba maji. "Ndiyo," alisema, kwa kuwa alilelewa asiseme uongo. "Basi, mama," wakili alisema, "neno la baba ni kuta. Unaweza kuzipiga kichwa, lakini kitakachopasuka ni kichwa." Alimtoza shilingi tano.

Kwa hiyo alirudi akaendelea kuishi ndani ya nyumba ile wiki tatu, na hizo ndizo zilizokuwa ndefu kuliko kifo cha mume. Hakuna aliyemtukana. Wangemtukana angepata pa kushika. Walimpisha mlangoni. Walimwambia "Habari za asubuhi." Mezani kondoo baridi alipitishwa, chumvi ikapitishwa, na mazungumzo nayo yakapita juu ya kichwa chake kama ndege. Juu, Dorcas alianza kumpa Ambrose maziwa ya ng'ombe kwa chupa, kwa amri. Mtoto aliyakataa siku mbili. Sauti yake iliteremka ngazini hadi sebuleni, na Bi Augusta akasema, "Lavinia, piga piano." Lavinia akapiga. Hester alikaa na kitambaa kilichokunjwa ndani ya gauni lake, kimelowa maziwa, mikono magotini, akisikiliza wimbo hadi mwisho.

Siku ya tatu mtoto alikubali chupa.

*

Kadi zilifika ndani ya karatasi laini, kumi na mbili, kila moja na jina la Quennell nyuma kwa dhahabu. Bi Augusta alikuwa na orodha ya watu kumi na wawili. Bwana Godfrey wa kwanza, kisha askofu, kisha mke wa kanali, hadi mchungaji. Bahasha zilifungwa kwa nta moja moja. Hester alisimama dirishani akingoja, akihesabu bila kutaka kuhesabu, na nta ya kumi na mbili ilipogandishwa muhuri, akajua.

"Wewe unamwona mwenyewe kila siku," Bi Augusta alisema, bila kuulizwa.

"Hadi Jumanne nitakapoondoka, Mama."

"Ndiyo. Hadi Jumanne."

Jioni Lavinia alimfuata chumbani. Alikuwa hajawahi kuingia chumba kile. Alisimama katikati asijue pa kukaa, akatoa kadi kwenye mkono wa gauni.

"Chukua, wifi. Ni ya mchungaji. Nimefungua bahasha, nikatia ya kwangu ya mwaka juzi. Haoni vizuri yule, hatajua."

Hester aliipokea kwa mikono miwili. Alikuwa ndiye hasa: kope, kidevu, macho ya hakimu. Alikuwa amekaa peke yake, mtawala mdogo juu ya kiti chenye mikunjo. Penye tumbo palipita utepe mpana mweupe, umefungwa fundo zuri, na mikono ya mtoto ilishika ncha ya utepe. Bi Quennell alikuwa fundi kweli. Mtu asingejua.

Hester aliitazama mpaka mwanga ukapungua dirishani. Kisha akairudisha.

"Huitaki?" Lavinia alishtuka. "Wifi, nimeiiba!"

"Nakushukuru. Lakini huyu amefungwa utepe, nami sikumfunga utepe. Nilimshika."

"Ni picha tu."

"Wewe umo mara ngapi kwenye albamu ile?"

Lavinia alifikiri. "Kumi na saba. Kila mwaka tangu nilipotolewa kwa watu nikiwa mwari wa kuposwa. Gauni jipya kila mwaka." Akaigeuzageuza kadi vidoleni. "Zimepelekwa kwa kila mtu mwenye kijana wa kuoa. Hakuna aliyewahi kuuliza huyu ni nani." Hester alisogea kitandani kumpa nafasi. Wakakaa bega kwa bega, wanawake wawili wa nyumba moja, na katika miaka miwili ya kuishi pamoja, hiyo ndiyo mara ya kwanza kukaa hivyo. Halafu kengele ya chakula ikalia, Lavinia akafuta pua, akaenda kwa mama yake.

*

Jumanne gari liliitwa saa tatu asubuhi. Saa mbili na nusu Hester alipanda chumba cha mtoto, amevaa kofia tayari, akakuta kitanda kimetandikwa, chupa imeoshwa imegeuzwa juu ya kitambaa. Dirisha lilikuwa wazi.

"Yuko wapi?"

Kijakazi wa kufagia hakuinua macho. "Dorcas kamtoa kupunga hewa, Bibi. Tangu alfajiri. Bibi mkubwa kasema hewa ya asubuhi ni nzuri kwa kifua."

"Wamekwenda upande gani?"

"Sikuambiwa, Bibi." Msichana alibana ufagio. "Walikatazwa wasiniambie."

Hester alisimama. Juu ya kiti palikuwa na ile soksi moja ya sufi ambayo Ambrose huivua kila mara. Akaiokota, akaiweka palepale, kwa kuwa mguu ule ungepata baridi.

Bi Augusta alikuwa amesimama chini penye mlango, mkono umenyooshwa wa kuagana. "Nimeona ni heri kwa wote. Vilio vya kuagana huwatia watoto homa."

Yapo matusi mengi katika lugha ya Walsall, na Hester aliyajua yote, maana alikulia kati ya wachunaji ngozi na madalali wa farasi. Aliyapitia moja baada ya jingine, asipate linalotosha. Aliupita ule mkono ulionyooshwa, akaingia garini.

Penye mtaa wa studio alimsimamisha mwendesha gari.

Bi Quennell alikuwa peke yake, brashi mdomoni. Alikwenda kwenye droo ya chini kabisa, akatoa bahasha ya kahawia.

"Nilijua utapita. Na usingepita, ningeituma kwa posta. Nilichapa moja kabla sijaupaka rangi ule mkono. Mume wangu hajui. Akijua, na ajue."

Hester hakuifungua. "Bei gani?"

"Toka hapa na bei yako!" Bi Quennell alisema kwa ukali, na macho yamemlowa. "Miaka kumi na sita nafunika wanawake na kitambaa kile. Yaya, na mama pia, usidhani wewe ndiye wa kwanza. Mia tatu huenda. Wote wanakaa kimya kama magunia. Hakuna aliyewahi kuutoa mkono." Akamsukuma mlangoni kwa upole. "Haya, nenda. Gari moshi halimngoji mtu."

*

Walsall, katika duka la kaka yake, Hester alipewa kibao cha dirishani kwa kuwa pana mwanga. Mikono yake ilikumbuka kazi kabla yeye mwenyewe hajaikumbuka. Alishona hatamu, mikanda ya tumbo, kingo za matandiko ya farasi ya wanawake yatakayokaliwa na watu kama Lavinia. Mke wa kaka yake alikuwa mwema naye kwa namna ya watu wenye watoto sita. Alimpa nyama kubwa, akawafukuza watoto wake wasimkaribie, akidhani ndiyo huruma. Jioni Hester alipita ukumbini na watoto wakanyamaza.

Barua aliandika kila Jumapili. Majibu yalitoka kwa wakili, mara nne kwa mwaka, pamoja na pesa. Ile ya Krismasi iliongeza mstari mmoja: mtoto yu mzima, anatembea.

Picha aliitundika kwa kijimsumari juu ya kibao. Haikuwa na fremu. Ambrose alitazama mbele, juu ya kile kiti cha mahameli, na juu ya gauni jeupe mkono ukatulia, na mikono miwili midogo imekishika kidole gumba.

Mwezi wa pili alikuja dalali mmoja wa farasi, mtu mnene mwenye tope hadi magotini, kuchukua hatamu iliyokuwa ikishonwa. Alingoja amalizie mshono wa mwisho. Mtu anayengoja hutazama kuta.

"Mtoto mzuri," alisema. "Wa kibwana huyu. Wa nani?"

Hester alikuwa amebana uzi kwa meno.

Dalali alisogea, akainamisha kichwa, akapangusa macho kwa mgongo wa mkono. "Hee! Makubwa! Hiki kiti kimeota mkono!" Akacheka hadi tumbo likatikisika. "Tazama! Kiti chenye mkono! Hawa wakubwa hawa, hata viti vyao vinabembeleza watoto." Akamgeukia, bado anacheka. "Na mama yake yuko wapi?"

Hester alikata uzi. Akaiweka shazia juu ya kibao, akapangusa nta kwenye aproni yake. Kisha akauinua mkono wa kushoto, wenye pete na lile kovu jeupe penye shina la kidole gumba, akauweka ukutani kando ya picha, na kuuacha hapo kwa hesabu ya nane.